Masika ya Mama Primus

Machi 11, Jumanne

Mvua imeanza leo mchana, bila radi, bila upepo, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Mlima ulikuwa umeshajificha tangu juzi. Nilikuwa kwenye mashine yangu ya kufuma, mkono unakwenda na kurudi, na mvua juu ya bati ikashika mwendo uleule, mpaka nikawa sijui mimi ndiye ninayefuma au ni yenyewe.

Ninafuma sweta za shule. Masika na baridi inayofuata ndiyo miezi yangu. Chumba changu ni cha pili ukiingia getini, hapa Njoro mjini Moshi, kwenye nyumba ya Mama Primus, na dirisha langu linatazama kibaraza chake. Ndiyo maana nimeona nilichoona.

Mama Primus ni mjane, Mrombo kutoka Mkuu, amepita miaka sitini. Wapangaji wote tunamwogopa. Hapigi kelele. Anakutazama tu, na wewe mwenyewe unakumbuka kwamba hukufagia. Leo amekuja mzee mrefu, koti la kijivu, mwavuli mweusi, kifurushi cha majani ya mgomba kwapani. Mama Primus akasimama, akampokea mwavuli, akaukung'uta kwa mkono wake mwenyewe na kuuegesha ukutani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumwona akimpokea mtu kitu.

Machi 12

Mvua. Uzi wa bluu umeisha.

Machi 18, Jumanne

Amekuja tena. Anaitwa Mzee Eliakim, anatoka Masama, upande wa Hai. Nimemwamkia getini, "Shikamoo baba," akaitikia na kuniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Bukoba akasema, "Basi na wewe ni mtu wa ndizi," kisha akapita.

Walikaa kibarazani mpaka jioni. Mvua ilikuwa imeshuka kama pazia kati yao na mimi, nikiwaona nusu nusu, vikombe vinapanda na kushuka. Walikuwa wanazungumza Kiswahili. Jambo hilo lilinishangaza. Wachagga wawili wazee, peke yao, kwenye kibaraza, wanazungumza Kiswahili kama watu waliokutana stendi.

Alipoondoka nilikwenda bombani kuchota maji, nikajipa moyo.

"Mama, mbona hamwongei Kichagga?"

"Kichagga kipi?" akaniuliza. "Mimi ni wa Rombo, yeye ni Mmachame. Akisema chake nasikia kama ndege. Nikisema changu anasikia kama mbuzi. Ameniambia mwenyewe." Akafunga bomba. Nikageuka kuondoka, nikasikia nyuma yangu kitu kama kikohozi. Alikuwa anacheka.

Machi 23, Jumapili

Faustin amerudi na begi lake. Huko mashambani kwenye miwa kiwanda kimefungwa kupisha mvua, kama kila mwaka, na vibarua wote wametawanyika mpaka Juni. Miezi mingine mume wangu huja Jumapili tu, akala, akalala, akaondoka. Sasa yupo. Amekaa kitandani anatazama mashine yangu inavyokwenda. Nimemuuliza kama anataka chai. Amesema sawa.

Machi 25, Jumanne

Mzee Eliakim amekuja na parachichi. Faustin aliwatazama dirishani muda mrefu. "Wale wanaongea nini saa zote hizo?" akauliza. Mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana tangu asubuhi, na hatukuwa tumegombana.

Machi 29

Nimeota mlima umeshuka usiku na kusimama getini, mweupe, unangoja kufunguliwa. Nilipoamka ilikuwa mvua tu.

Aprili 1, Jumanne

Leo Mzee Eliakim amekuja na tarumbeta, amelifunga kwenye mfuko wa mbolea lisilowe. Kumbe kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza kikundi cha tarumbeta cha usharika wao, mpaka pumzi ilipopungua. Mama Primus alikuwa amemwambia haamini.

Akapiga. Polepole, wimbo wa kanisani ambao siujui, kila sauti ikitoka na kukaa kidogo kwenye mvua kabla haijayeyuka. Wapangaji wakatoka mmoja mmoja wakasimama chini ya mapaa ya milango yao. Mama Grace wa chumba cha kona alisimama na mwiko mkononi. Hata watu wa njiani walisimama nje ya geti na miavuli yao, hawasemi kitu. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Tulirudi ndani kama watu waliotoka kwenye misa.

Mama Primus alibaki ameinamisha uso. Kisha nikamsikia akisema, "Basi nimeamini."

Aprili 3

Nilimpelekea sweta aliyoniagiza ya mjukuu wake. Akaniambia nikae. Sijawahi kuambiwa nikae.

Yeye na Mzee Eliakim walikutana kliniki ya presha, foleni, mwaka jana. Walipangwa benchi moja. Mama Primus alikuwa amesahau miwani, mzee akamsomea namba yake ilipoitwa. Mwezi uliofuata wakatafutana kwa macho. "Mjini hapa," akasema, "nimekaa tangu niolewe. Ninajua kila mtu na hakuna anayeniuliza nimeamkaje. Wapangaji mnaniuliza kuhusu maji na umeme. Yeye aliniuliza usingizi wangu ukoje."

Niliinamisha macho.

Mzee Eliakim anataka wafunge ndoa. Yeye Mlutheri, huyu Mkatoliki, lakini hilo si zito sana, padri amesema kuna njia. Zito ni watoto. Primus amepiga simu kutoka Dar. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomuumiza mama yake. Alisema, "Mama, watu watasema hatukutunzi." Na huko Masama kuna Elisifa, binti wa mzee, aliyeachika na kurudi nyumbani, ndiye anayempikia baba yake. Hajaambiwa. Mzee alisema atamwambia yeye mwenyewe, na Jumanne ijayo ataleta jibu.

Aprili 8, Jumanne

Hakuja.

Aprili 9

Simu yake haipatikani. Mvua kubwa sana. Huenda barabara imekatika.

Aprili 12

Mama Primus amefagia uwanja mara mbili, na mvua inanyesha. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Faustin alikwenda kumpokea fagio, na kwa mshangao wangu akampa. Wakasimama pale wakilowa wote wawili.

Aprili 15, Jumanne

Hakuja. Vikombe viwili vilikaa kibarazani mpaka jioni, kimoja kimejaa maji ya mvua.

Aprili 17, Alhamisi Kuu

Simu imepokelewa. Sauti ya mwanamke. Mama Primus aliweka spika ili na mimi nisikie.

"Baba hawezi kuongea na simu. Tafadhali usipige tena."

Ikakatwa. Mama Primus aliiweka simu chini. Kisha akaniuliza kama Jumamosi nina kazi nyingi. Nilikuwa nazo. Nikasema sina.

Aprili 19, Jumamosi

Ninaandika haraka nisije nikasahau chochote.

Tuliondoka asubuhi. Mama Primus alivaa kitenge chake cha Krismasi na buti za mvua, akabeba hotpoti ya machalari, ndizi na nyama, iliyofungwa kwa khanga. Mpaka kituo cha Kwa Sadala tulikwenda na gari, kutoka pale na bodaboda mbili, mpaka dereva wangu aliposimama kwenye kilima na kusema pikipiki yake haijui kuogelea. Tukaendelea kwa miguu.

Sijawahi kutembea mahali kama pale. Ukungu ulikuwa umekaa ndani ya migomba kama moshi uliosahau kutoka. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, maji ya mfereji yakienda upande wetu, yakinong'ona. Watu walitokea kwenye ukungu wakiwa karibu sana, wakatuamkia, wakayeyuka. Kila nyumba tuliyodhani ndiyo, haikuwa. Kuna wakati nilihisi kwamba hatuendi popote, kwamba ni migomba inayotupita huku sisi tumesimama. Mama Primus hakupumzika hata mara moja. Aliteleza, akainuka na tope mpaka gotini, hotpoti haikumtoka mkononi.

Mwanamke mmoja anayekata majani ya ng'ombe akatuonyesha nyumba. Akaongeza, "Mnakwenda kumwona mgonjwa?"

Mama Primus akasimama. "Anaumwa nini?"

"Kiharusi, mama. Amerudi kutoka hospitali juzi."

Sijui alijisikiaje. Nilimwona tu akirekebisha fundo la khanga kwenye hotpoti, akalifungua, akalifunga tena.

Elisifa ndiye aliyetoka tulipopiga hodi. Mwanamke wa rika la kati, mikono mipana, macho ya mtu asiyelala. Akamwamkia Mama Primus kwa heshima, "Shikamoo," akaitikiwa.

"Mimi ni Bernadetha Kavishe. Natoka Moshi, Njoro."

"Ni wewe unayepiga simu."

"Ni mimi."

"Baba ameanguka. Haongei na wageni."

"Nimekuja kumpa pole."

"Pole nimeipokea. Nitamfikishia." Alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja huku, mwingine kule. Lakini mvua ikaongezeka, na huwezi kumfukuza mtu mzima kwenye mvua, hata ukimchukia. Akaingia ndani, akarudi na vigoda viwili, akaviweka kibarazani. Akatuletea chai. Mlango akaurudishia nyuma yake, akasimama akiulinda.

Tulikunywa chai. Nilidhani mambo yataishia pale, kwamba tutamaliza chai, tutashukuru, tutashuka. Mama Primus akaweka kikombe chini. Akaugeukia ukuta, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili:

"Mzee Eliakim. Ni Bernadetha. Nimekuja, mvua imenichelewesha."

Kisha ndani sauti ikaanza. Ilikuwa nzito, imelegea upande mmoja, lakini ilitoka kwa kasi, maneno mengi, yanasukumana. Kimachame. Sikuambulia hata moja. Niliangalia uso wa Mama Primus, na yeye pia hakuwa ameambulia.

"Anasema nini?"

Elisifa alitazama vikombe vyetu vya chai. "Kiswahili kimemtoka," akasema. "Tangu aanguke. Anakielewa, ukimwambia anaelewa. Lakini kinachotoka ni Kimachame tu. Daktari anasema kinaweza kurudi, kinaweza kisirudi."

"Kimachame mimi sikijui."

"Najua."

"Anasema nini, mwanangu?"

Mvua ilikuwa inateremka kwenye bati na kumwagika mbele yetu. Elisifa aliutazama mlango.

"Anauliza kama umekula."

Mama Primus akaugeukia ukuta. "Nimekula. Nimekuletea machalari."

Sauti ikasema tena, fupi sasa, ikarudia, ikarudia, kama mtu anayejaribu ufunguo mmoja kwenye kufuli. Elisifa akaketi juu ya ngazi.

"Anasema alikuwa njiani anakuja. Anasema viatu alikuwa ameshavaa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimkuta sakafuni na viatu vya kanisani miguuni. Siku ya Jumanne. Nilimwambia daktari, baba amechanganyikiwa, amedhani ni Jumapili. Nimewaambia watu wote hivyo."

Baadaye Elisifa akainuka, akaufungua mlango mpaka mwisho, akaweka jiwe usijifunge.

Niliwaacha ndani. Nilikaa kibarazani na ukungu ukaja mpaka kwenye ngazi. Kutoka ndani nilisikia sauti tatu, ya mzee, kisha ya Elisifa, kisha ya Mama Primus. Zikizunguka kwa mpangilio huo, polepole, kama watu wanaopokezana mzigo.

Tuliposhuka, Mama Primus hakusema mpaka tulipofika barabarani.

"Redempta," akasema, "kwa Kiswahili yule mzee huongea polepole, kama mtu anayevuka mto. Anachagua jiwe, anaweka mguu. Nilidhani ndivyo alivyo. Leo nimemsikia anavyokimbia. Sikuwahi kuisikia sauti yake."

Aprili 20, Pasaka

Kanisani nilisinzia. Faustin alinisogezea bega.

Aprili 22, Jumanne

Mama Primus ametoka asubuhi na buti zake. Geti ametuachia. Mama Grace ameuliza, "Anakwenda wapi na mvua hii?" Nikasema anakwenda kumwona mtu. "Mama Primus ana mtu?" akauliza, akasimama akifikiri, na sufuria lake likaungua.

Aprili 26

Leo nilimsikia bombani anarudia neno moja, chini chini, akisubiri ndoo ijae. Alipoona ninamtazama hakuacha. "Elisifa amenifundisha," akasema. "Maana yake, 'tafuna polepole.'" Kisha akalisema tena. Ndoo ilikuwa imeshajaa, maji yanafurika.

Nilikumbuka kitu nikiwa narudi chumbani. Mwaka jana mwezi wa nane mimba yangu ilipotoka, Faustin alikuwa kiwandani, na mimi nilijifungia. Kila asubuhi nilikuta bakuli la mtori, supu ya ndizi, mlangoni, limefunikwa kwa sahani. Sikuambiwa neno. Nilijua ni yeye, na niliandika wakati ule kwamba Mama Primus ni mtu baridi, hata pole hajui kutoa.

Aprili 29, Jumanne

Amerudi amelowa na ana furaha. Mzee ameketi kitini. Amemkosoa matamshi.

Mei 1

Sokoni Mbuyuni kuna mama wa Machame anayeuza ndizi. Mama Primus sasa hununua kwake tu, na anapatana bei kwa Kimachame. Yule mama anacheka mpaka anashika mbavu. Anamwambia, "Unaongea kama bibi yangu aliyekufa." Mama Primus anasema sawa, bibi yako alieleweka.

Mei 3, Jumamosi

Primus amekuja kutoka Dar, na gari lake. Mtu mnene, mpole, macho ya mama yake. Wamezungumza kibarazani na mimi nilikuwa dirishani, siwezi kujifanya sikuwepo.

"Mama, sikatai. Lakini fikiria. Mtu mwenyewe hawezi kunyanyuka. Ukienda kumuuguza yeye, nani atakuuguza wewe?"

"Siendi kumuuguza. Ana binti yake. Naenda kuzungumza."

"Kuzungumza kwa lugha usiyoijua."

"Ndiyo maana naenda mara nyingi."

Primus akajikuna kichwa. "Watu wa ukoo wananiuliza. Baba angesema nini?"

Mama Primus akajifunga khanga upya. "Baba yako," akasema hatimaye, "tulizungumza Kirombo tangu siku ya kwanza, na kuna mambo hatukuyasema mpaka nikamzika. Sitaki kumzika mwingine hivyo."

Mvua ikanyesha juu ya hayo. Primus alitazama mikono yake muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna chakula.

Mei 4, Jumapili

Primus amempeleka Masama mwenyewe. Gari limerudi na tope mpaka madirishani. Nilimuuliza Primus mzee anaendeleaje. "Alinishika mkono," akasema, "hakuuachia. Alizungumza nami karibu saa nzima. Sikuelewa kitu. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba." Alionekana kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ameondoka jioni kurudi Dar, na kabla ya kuondoka amembadilishia mama yake balbu ya kibarazani.

Mei 10

Mvua imepungua, sasa ni manyunyu ya baridi. Faustin alikuwa ananishikia uzi. Tangu tuhamie Moshi tunasemezana Kiswahili, sijui lini tulianza. Labda kwa ajili ya majirani, wasidhani tunawasengenya. Leo, bila kunitazama, akaniuliza kwa Kihaya, lugha ya kwetu, kama mwezi wa nane niliumia sana.

Niliisimamisha mashine.

Kwa Kiswahili ningemwambia, "Yamepita." Kwa Kihaya haikutoka hivyo. Nilimweleza yote, chumba, damu, mlango niliojifungia. Akasema aliomba ruhusa kiwandani wakamnyima, na aliona aibu kunieleza kwamba mtu alimnyima, basi akaja Jumapili kama kawaida akala akalala. Alilia kidogo. Mimi nililia zaidi. Kisha tukaendelea na uzi, kwa sababu ulikuwa umejifunga mafundo mkononi mwake.

Mei 13, Jumanne

Mama Primus Masama. Hapa kimya kizuri.

Mei 20, Jumanne

Jambo limetokea. Leo Mama Primus alikuwa anajiandaa kuondoka, hotpoti imeshafungwa, geti likagongwa. Alikuwa Elisifa, ameshuka kutoka Masama peke yake, viatu mkononi, miguu imejaa tope jekundu.

Mama Primus alishika nguzo. Nadhani sote tulifikiria jambo moja.

"Mzima," Elisifa akasema haraka. "Mama, ni mzima, jirani yuko naye. Nimekuja kwa sababu nimechoka."

Nilimletea maji ya kunawa miguu, nikataka kuondoka, Mama Primus akaniambia nibaki.

"Nimechoka kutafsiri," Elisifa akasema. Hakuwa na hasira. "Kumwosha baba sichoki. Kumlisha sichoki. Lakini ukiondoka Jumanne, Jumatano anaanza kuniambia mambo ya kukwambia. Nayabeba wiki nzima. Juzi ameniambia maneno..." Akanyamaza, akacheka kwa aibu, akafunika mdomo. "Mama, kuna maneno mtoto hawezi kuyabeba kutoka kwa baba yake. Njoo uyasikie mwenyewe."

"Jumanne hazitoshi?"

"Hazitoshi. Kimachame hakifundishwi Jumanne Jumanne. Ndoa mtaisubiri, padri na mchungaji wapatane, sawa. Kijiji kisipate la kusema, utakuwa mgeni wangu. Nimekuwekea kitanda chumbani kwangu." Akanawa mguu mmoja, kisha mwingine. "Mwanzoni nilidhani unakuja kunichukulia baba. Nilikuwa naye miaka yote ile, tunakula, tunalala, tunasali. Hakuwahi kuniambia alikuwa mpiga tarumbeta mzuri au mbaya, anaogopa nini, alimpenda mama kiasi gani. Ameyasema sasa, akikwambia wewe. Nimeyasikia kwa kuwa yalipita kwangu."

Mama Primus aliangalia nyumba yake. Aliangalia vyumba kimoja kimoja, na milango yetu, na kamba za nguo, na bomba. Nilidhani ataomba siku za kufikiri. Ni mtu wa kufikiri.

Akaniambia, "Redempta, bomba likivuja mwiteni fundi mapema, msingoje."

Ameondoka na Elisifa alasiri, na begi dogo.

Mei 24

Nyumba haina mtu wa kuogopa. Uwanja umefagiliwa hata hivyo. Kila mtu anadhani ni mwingine aliyefagia.

Mei 30

Baridi. Sweta zinaondoka kabla hazijapoa mikononi. Asubuhi mlima ulionekana, wote, na theluji mpya mpaka mabegani. Watu walisimama njiani na ndoo zao na kuutazama kama wameletewa habari.

Juni 3

Faustin anarudi kiwandani wiki ijayo. Amesema ataomba zamu itakayomruhusu kuja katikati ya wiki. Amelisema kwa Kihaya, kwa hiyo nimeamini.

Juni 8, Pentekoste

Tumekwenda Masama, mimi na Faustin, na sweta mbili.

Hakukuwa na ukungu. Ile njia iliyokuwa ndefu kama ndoto siku ile, leo ni njia tu, watu wanatoka kanisani, watoto wanakimbia. Mzee Eliakim alikuwa kibarazani kwenye kiti, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala. Nilimwamkia. Akaitikia, si kwa Kiswahili, na akanitambua. Sweta ya kijivu ilimtosha. Elisifa alitupa ndizi za kumenya, tukakaa naye jikoni, mlango wazi.

Mama Primus alikuwa amekonda na jua limemkaanga. Alikuwa anakata majani makavu ya migomba mbele ya nyumba, na mzee kutoka kitini alikuwa anamwelekeza. Akamwambia kitu. Mama Primus akajibu. Mzee akasema tena, kwa nguvu zaidi, akinyoosha mkono mzima. Mama Primus akaacha kukata, akaweka mkono kiunoni, akajibu sentensi ndefu, nzito, yenye makosa nadhani, kwa sababu mzee akaisahihisha, na yeye akairudia ikiwa sahihi na kwa ukali zaidi. Kisha wote wawili wakawa wanasema kwa pamoja. Jirani aliyekuwa anapita alisimama kusikiliza, akatikisa kichwa akicheka, akaendelea na safari yake.

Niliacha kumenya. Walikuwa wanagombana, na hapakuwa na mtu katikati yao.

"Wanasema nini?" nikamuuliza Elisifa.

Elisifa alitega sikio kidogo, kisu kimesimama juu ya ndizi. Kisha akakirudisha kazini.

"Sijui," akasema. "Hayo ni yao."